Mshono wa Siku ya Arobaini

Tone la damu lilikuwa dogo kuliko punje ya ulezi, na watu wazima thelathini na wawili, wote wamevaa nadhifu, walikuwa wamekaa mbele yake wakilikodolea macho. Waliambiwa kwamba Kisomanasaba hakihitaji zaidi ya hilo. Kwa kukitazama hakikuwa na cha kutisha: sanduku jeupe lenye ukubwa wa friji, mlango mdogo wa kioo, na sauti ya kike iliyofundishwa Kiswahili cha Tabora mpaka ikajua kuvuta maneno. Lakini kazi yake, jamani, hakuna mashine iliyowahi kuifanya. Ukikipa seli moja ya saratani, kinasoma herufi zote za jeni zake, halafu kinarudi nazo nyuma, kutoka seli binti hadi seli mama, kutoka mama hadi bibi, mpaka kifike kwa ile ya kwanza iliyopotoka. Kisha kinakutajia ilipotoka lini.

Aliyekitengeneza alikuwa amesimama pembeni, joho jeupe mwilini na kanga kichwani. Huyo ndiye Dakta Mwanahawa Luhende, mwenye miaka sitini na moja, na mwaka huo wa 2097 hapakuwa na mtu Tabora asiyelijua jina lake. Treni za hewani zilipita juu ya jengo la Taasisi ya Nasaba kila dakika nne, na ubavuni mwa kila treni palikuwa na picha ya mtoto mchanga akicheka, mtoto wake yeye, Zamda, wakati huo akiwa wa siku arobaini.

Aliwaeleza wageni kwa lugha nyepesi, maana wengi wao walikuwa watu wa bajeti, hawakuwa watu wa maabara. Kila seli ya mwili, alisema, ina kitabu cha maagizo, na jeni ndizo kurasa zake. Zipo jeni za mwendo, zinazoiambia seli igawanyike. Zipo za breki, zinazoiambia ipumzike. Zipo za ufundi, ambazo kazi yake ni kusahihisha makosa kitabu kinaponakiliwa. Na ipo jeni ya kengele: seli ikiharibika kupita kiasi, kengele hulia na seli hujiua yenyewe. Kosa moja halimpi mtu saratani. Miili yetu sote imejaa makosa, na tunakula na kulala vizuri tu. Balaa linakuja makosa yanaporundikana kwenye ukoo mmoja wa seli, mwendo ukakwama, breki zikakatika, fundi akafa na kengele ikanyamaza. Hapo seli iliyokuwa mwenzako inaanza kuishi kwa ajili yake peke yake.

Damu ile ilikuwa ya kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Urambo, mgonjwa wa saratani ya damu. Jina lake halikuandikwa, namba tu. Bibiana, fundi sanifu wa maabara, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotetemeka, alilitia tone mlangoni na kurudi nyuma.

"Seli hii imepotoka kwa hatua tano," Kisomanasaba kilisema. "Naanza na ya mwisho. Hatua ya tano, miezi minane iliyopita, kengele ilinyamaza. Hatua ya nne, miaka mitatu iliyopita, breki ya pili ilikatika. Hatua ya tatu, mwenye seli akiwa na miaka kumi na mmoja, jeni ya ufundi ilifutika. Hatua ya pili, akiwa na miaka minne, breki ya kwanza ilikatika. Hatua ya kwanza, siku ya arobaini tangu kuzaliwa, jeni ya mwendo ilikwama wazi."

Makofi yakalipuka. Mgeni mmoja aliuliza mashine imejuaje hata siku, na Dakta Mwanahawa akamjibu vizuri. Seli inapogawanyika huacha makosa madogo yasiyo na madhara, alisema, nayo huongezeka kwa kasi inayojulikana, kwa hiyo mashine inayahesabu. Kwa mtoto mchanga seli hugawanyika upesi mno, ndiyo maana hesabu inashuka hadi siku. Alijibu maswali mengine mawili, akapiga picha na wageni, akacheka panapostahili kucheka. Ndani yake kulikuwa na neno moja tu likijirudia: arobaini, arobaini, arobaini.

Sasa, anayesoma haya huenda hakulelewa kwetu, kwa hiyo nimweleze. Mama akijifungua hukaa ndani siku arobaini na mwanawe. Siku hiyo ikifika mtoto hunyolewa, hutolewa nje, watu hula, na nyumba hujaa shangwe. Miaka ishirini na sita nyuma, Mwanahawa alikuwa ametengeneza Mshono, sindano ya kuponya selimundu, ule ugonjwa unaozipinda chembe za damu na uliomuua mdogo wake akiwa na miaka tisa. Sindano ilibeba vichukuzi, maganda ya virusi yaliyotolewa sumu, na kila kimoja kiliingia kwenye uboho wa mifupa na kushona jeni nzima ndani ya kitabu cha seli. Dawa ilifanya kazi. Tatizo lilikuwa watu: kabla ya arobaini mama hatoki, na baada ya arobaini familia zinatawanyika, huwapati tena. Ndipo Mwanahawa alipotoa wazo lililomjengea jina. Sindano itolewe siku yenyewe ya arobaini, pale pale nyumbani, katikati ya sherehe, bibi akiwa amemshika mjukuu. Nchi nzima ilimpenda kwa wazo hilo. Wa kwanza kuchomwa alikuwa Zamda wake mwenyewe, aliyezaliwa na ugonjwa huo, na baada yake watoto zaidi ya laki nne.

Wageni walipoondoka alimwomba Bibiana alete sampuli zote za vijana wenye saratani ya damu. Zilikuwa kumi na moja, pamoja na ile ya asubuhi. Bibiana hakuuliza kwa nini. Walifunga mlango wakaanza kuzisoma moja moja, na mashine ikawa inatamka kwa sauti ile ile ya upole. Siku ya arobaini. Siku ya arobaini. Akiwa na miaka saba, na huyu, Bibiana akasema, hakuwahi kuchomwa Mshono. Siku ya arobaini. Siku ya arobaini. Mwanahawa alikaa chini bila kutafuta kiti, akajikuta juu ya boksi la glavu.

Sampuli ya nane ilikuwa ya msichana wa Nzega. "Hatua ya kwanza," mashine ikasema, "siku ya arobaini na nane tangu kuzaliwa."

Moyo ulimpanda kwa furaha. Arobaini na nane! Basi si Mshono, ni kitu kingine, maji, moshi, chochote. Alisema alhamdulillahi kwa sauti. Bibiana alikuwa tayari amefungua kadi ya kliniki ya yule msichana, akaisoma kimya, kisha akaigeuza ili bosi wake aione. Nesi wa zamani aliandika kwa mkono: sherehe ya arobaini imeahirishwa kwa msiba wa babu, Mshono umetolewa siku ya arobaini na nane.

Kati ya vijana kumi na mmoja, tisa walichomwa Mshono, na kwa wote tisa kosa la kwanza lilikuwa ukurasa mmoja, pale pale. Uzi wa Mshono ulikuwa umeshonwa ubavuni mwa jeni ya mwendo, ukaiacha wazi kama bomba lisilofungika. Makosa mengine manne yaliletwa na maisha yenyewe, moja hapa na moja pale kwa miaka. Lakini la kwanza aliliweka yeye.

Alimpigia simu Machibya. Huyu walisoma pamoja na kufanya kazi pamoja, naye ndiye peke yake aliyepinga arobaini wakati ule. Alisema mtoto wa siku arobaini seli shina zake bado zinakimbia, kurasa nyingi ziko wazi, uzi unaweza kushona pasipotakiwa, tungoje miezi sita zitulie. Walimcheka. Walimbandika jina la Mzee wa Miezi Sita wakati hata mvi hakuwa nazo, na kelele zilipozidi akaacha kazi, akaenda Sikonge kufuga nyuki. Mwanahawa alimweleza yote bila kujitetea, akasubiri kutukanwa.

"Mwanahawa, nikwambie ukweli," Machibya akasema. "Sikuwa na hakika. Data yangu ilikuwa ya panya kumi na wawili. Nilikuwa nakuonea wivu, basi. Ningekuwa na hakika ningepiga kelele zaidi."

Hilo lilimchoma kuliko tusi. Angetukanwa angalau angejua pa kujificha. Maana na yeye alikumbuka vizuri ile karatasi ya Machibya ya panya kumi na wawili, aliyoiweka kwenye droo bila kuifungua, wiki ile ile televisheni ilipokuja kumhoji.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa mkurugenzi wa Taasisi, Bwana Bwire, mtu mwema ambaye hofu ya magazeti ilikuwa imemzeesha. Bwire alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba tisa kati ya laki nne si wengi, kwamba Mshono umeokoa maelfu, na yote mawili yalikuwa kweli. Kamati ingekaa Jumatatu. Mpaka hapo asiseme neno, watu wasije wakaikimbia sindano kabisa na watoto wakarudi kufa kwa selimundu. Mwanahawa alimwuliza kesho Jumamosi ni watoto wangapi wanachomwa Mshono nchi nzima. Bwire akatazama kioo cha kompyuta yake akasema mia mbili na kumi na saba.

"Mmoja wao ni mjukuu wangu," Mwanahawa akasema.

Bwire alivua miwani. Alijua, bila shaka. Kadi ya mwaliko ilikuwa mezani kwake. Lakini hakulibadilisha neno lake, na Mwanahawa alitoka bila kuaga.

Zamda alikuwa fundi wa breki kwenye karakana ya treni za hewani, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike na kumpa jina la bibi yake, kwa hiyo Mwanahawa mkubwa alimwita mdogo Somo, kama wanavyoitana wenye jina moja. Somo alizaliwa na selimundu. Mshono huponya damu ya aliyechomwa tu, haugusi mayai ya uzazi, ndiyo maana Zamda aliyepona kabisa alirithisha ugonjwa, na mumewe alikuwa nao nusu, yaani jeni moja kati ya mbili. Hawakuhofu. Sindano ipo, na bibi ndiye mwenye sindano.

Nyumba ilikuwa imejaa. Shangazi yake Zamda, Bi Mwasiti, alisimamia wapika pilau kama jemadari, na kichanga alikuwa amelala chini ya chandarua, vidole vimekunjwa. Zamda alipomwona mama yake mlangoni akamtania, eti Dakta leo umekuja mapema, unaogopa nyama itaisha? Halafu akamtazama vizuri usoni, utani ukamwishia. Akawatoa watu chumbani.

Mwanahawa alimweleza akiwa amesimama. Alitumia maneno yale yale ya mwendo na breki aliyowaambia wageni, na Zamda, ambaye breki ndizo riziki yake, alielewa kabla hajamaliza. Hakumuuliza habari za Somo. Hilo lilikuwa limekwisha, Somo hachomwi kesho. Aliuliza swali ambalo mama yake alikuwa amelikimbia tangu jana.

"Na mimi?"

Mwanahawa akasema hajui. Kati ya waliochomwa, wengi uzi ulikaa mahali salama. Wachache haukukaa. Njia ya kujua ni moja.

Zamda akajifunga kanga, akavaa viatu. Bi Mwasiti alikuja mbio akasimama mlangoni mikono kiunoni, akisema tangu lini mzazi anatoka siku ya thelathini na tisa, mnataka kututia aibu kwa siku moja tu iliyobaki? Zamda alimwinamia kwa heshima, akamwambia shangazi shikamoo, naomba nipite, na akapita. Wapishi waliacha miiko hewani wakimtazama anavyoshuka ngazi kwenda stesheni. Katika treni alikaa chini ya picha yake mwenyewe.

Maabara Bibiana alimtoa damu. Kisomanasaba kilichukua muda mrefu, maana safari hii hakikupewa seli ya saratani, kilikuwa kinapekua seli nzima nzima zenye afya, elfu moja baada ya elfu. Mama na binti walikaa bega kwa bega kwenye benchi. Zamda aliuliza kama alilia siku ile alipochomwa. Mwanahawa akasema hapana, ulicheka, ndiyo hiyo picha.

"Nimepata ukoo mmoja wa seli," mashine ikasema. "Hatua ya kwanza, siku ya arobaini tangu kuzaliwa, jeni ya mwendo imekwama wazi. Hatua ya pili, haipo."

Mwanahawa alisikia sauti ikitoka kifuani mwake ambayo hakuitambua. Bibiana alikimbilia kumshika, lakini Zamda hakusogea. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo nina moja kati ya tano," akasema.

Mama yake alijaribu kumweleza. Hatua ya pili inaweza isije kamwe. Sasa wanajua pa kutazama, watamsoma kila mwezi, seli zile zikianza kuzaana watazikamata mapema, na kwa miaka michache watapata njia ya kuukata uzi. Yote yalikuwa kweli na aliyasema akilia, huku kamasi zinamtoka, yeye aliyewahi kuhutubia nchi saba. Zamda alimwacha amalize. Kisha akauliza kama waliochomwa wengine laki nne wanajua haya.

"Jumatatu kamati inakaa," Mwanahawa akasema, na aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake akaona haya.

Jumamosi asubuhi nyumba ilipambwa. Somo alinyolewa, akapakwa mafuta, akavikwa gauni la rangi ya maziwa. Saa nne kamili Nesi-chuma, roboti la Taasisi, lilipanda ngazi kwa miguu yake minne na sanduku la barafu mgongoni, na wanawake wakalipigia vigelegele kama desturi ilivyokuwa. Desturi nyingine ilikuwa kioo cha mtaa. Kila Jumamosi kioo kilichotundikwa kwenye kila barabara ya kila mji kilionyesha arobaini moja iliyochaguliwa, na nchi nzima ikatazama mtoto akichomwa huku bibi amemshika. Jumamosi hii walichagua ya mjukuu wa Dakta mwenyewe. Nani asingechagua hiyo?

Mwanahawa alikuwa amempakata Somo. Joto la kile kichwa kidogo kilichonyolewa lilimwingia mpaka mfupani. Nesi-chuma likanyoosha mkono wenye sindano, likasema kwa adabu, "Bibi, naomba paja la mtoto."

Zamda akasimama kati yao. Akalizima roboti kwa swichi iliyo shingoni, kama mtu anayejua mashine, mkono wa chuma ukashuka. Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Kisha akaligeukia jicho la kioo cha mtaa, kamera iliyofungwa ukutani kwa ajili ya sherehe.

"Mimi ni Zamda. Mimi ndiye yule mtoto wa kwenye treni," akasema. "Leo ni arobaini ya mwanangu, na hachomwi. Atachomwa akitimiza miezi sita. Mwenye mtoto wa leo asimchome leo. Na aliyechomwa kama mimi, Jumatatu asubuhi aende akasomwe damu yake. Mimi nimesomwa jana. Ninayo hatua ya kwanza."

Akafunua mkono wake, akaonyesha plasta ya sindano ya Bibiana. Nje barabarani, ambako kwa kawaida husikika redio kumi kwa pamoja, watu walikuwa wamezizima ili wasikie. Bi Mwasiti alijifunika uso kwa upande wa mtandio. Mtu mmoja mlangoni alisema kwa kunong'ona kwamba labda mzazi amechanganyikiwa, wengine hupatwa hivyo, na watu wakaanza kumtazama Zamda kwa huruma. Mwanahawa aliliona hilo. Aliona jinsi ambavyo kwa dakika mbili tu wangemfanya binti yake mgonjwa wa akili, wakaliwasha roboti, na sherehe ikaendelea.

Zamda alikivuta kiti mpaka mbele ya jicho la kioo. Akamchukua Somo kutoka mikononi mwa bibi yake, taratibu, akamlaza begani.

"Kaa hapa, mama," akasema. "Waambie arobaini uliichagua kwa nini."

Mwanahawa akakaa. Jibu lake alilijua kwa moyo, alikuwa amelitoa kwenye harusi, misiba na mikutano kwa miaka ishirini na sita: mama hatoki kabla ya arobaini, na baada ya arobaini humpati tena. Lilikuwa jibu zuri, na nusu yake ilikuwa kweli. Alifungua kinywa alitoe. Somo akapiga chafya begani kwa mama yake, na Mwanahawa akaiona ile karatasi ya panya kumi na wawili, ilivyokaa kwenye droo bila kukunjuliwa.

"Tungeweza kungoja miezi sita," akasema. "Mwenzangu aliniomba tungoje, na sikuisoma hata karatasi yake. Miezi sita mtoto anachomwa kliniki, na hakuna anayetazama." Akalitazama jicho la kioo. "Niliichagua arobaini kwa sababu nilitaka vigelegele."